Depoziti ya 21,000, nimerudishiwa 350: nifanyeje?

Swali: Wakili, hujambo? Niliishi Kasarani, Nairobi, kwa miaka mitatu kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kodi 18,000 kwa mwezi. Nilipoingia nililipa depoziti ya mwezi mmoja na 3,000 za maji na stima. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja kwa WhatsApp, keateka akajibu "sawa", nikahama mwisho wa Machi kwenda Nakuru kikazi. Baada ya kuzungushwa wiki sita, ajenti alinitumia hesabu: rangi 12,000, sinki 3,500, usafi 2,500, kitasa 1,500, maji 1,150. Akanitumia 350 kwa M-Pesa. Nilipoomba risiti alisema mimi niliingia wakati wa ajenti mwingine, na kwamba yeye hakukabidhiwa depoziti yangu, kwa hivyo hata hizo 350 ni wema wake. Mkataba unasema tu nirudishe nyumba "katika hali niliyoikuta". Ni kweli funguo moja ilinipotea. Lakini sinki ilianza kuvuja mwaka wa pili na nilimwambia keateka mara kadhaa. Binamu yangu aliye Uingereza anasema kwao pesa hizi zinalindwa na sheria. Kwetu je? Na kweli ingekuwa afadhali nikalie depoziti mwezi wa mwisho, yaani nisilipe kodi ya mwezi huo, kama wenzangu walivyonishauri? Na depoziti mpya ya hapa Nakuru nijikinge vipi?

Jibu: Sijambo, dada. Kabla ya jambo lingine lolote, tunza huo ujumbe wa ajenti kama unavyotunza kitambulisho. Amekuambia mambo mawili yasiyoweza kukaa chumba kimoja: kwamba alikata 20,650 kwenye depoziti yako, na kwamba depoziti yako hakuwahi kuipokea. Mtu hakati pesa asizokuwa nazo. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba yake na tarehe, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na usiufute hata kama simu imejaa.

Sasa tuanze na binamu yako. Huko Uingereza anasema kweli. Tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea depoziti ya makazi ya kawaida lazima aiweke kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, na leo anapewa siku 30 kufanya hivyo. Asipofanya, korti inaweza kumwamuru amlipe mpangaji mara moja hadi mara tatu ya depoziti yenyewe. Kenya hatuna mfuko wa namna hiyo. Mswada wa Landilodi na Mpangaji wa mwaka 2021 ulizungumzwa sana lakini haukuwa sheria. Ndiyo maana depoziti ya Kasarani inaingia kwenye akaunti ya ajenti, inalipia mambo yake, na siku ya kuhama inatafutwa kwa tochi.

Lakini kukosa mfuko si kukosa haki. Depoziti si kodi, wala si ada ya kuingia. Ni pesa zako zilizo mikononi mwa mwenye nyumba kwa sababu maalumu: afidie kodi usiyolipa, bili ulizoacha na uharibifu ulioufanya. Kama sababu hizo hazipo, hana cha kushikilia. Na yeye anayesema umeharibu ndiye anayepaswa kuonyesha ulichoharibu, kiasi gani, na kilitengenezwa kwa shilingi ngapi. Wapangaji wengi wanaingia kwenye mzozo huu wakijitetea kama washtakiwa. Wewe ndiye unayedai, na yeye ndiye mwenye hesabu ya kutoa.

Kuhusu maneno "katika hali niliyoikuta", ajenti wengi huyasoma kana kwamba nyumba inapaswa kurudi ikiwa mpya. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali lililokuwa nayo mwanzo wa upangaji, kisha inatoa msamaha: hawajibiki kwa uharibifu uliotokana na uchakavu wa kawaida, wala kwa moto, mafuriko au ajali ambayo si ya uzembe wake. Mkataba ukiwa na kipengele kinachosema wazi kwamba mpangaji atapaka rangi akihama, hapo ningekuambia tubishane juu ya bei tu, si juu ya rangi yenyewe. Wako hauna. Kwa hivyo uchakavu wa kawaida ndio ngao yako, hasa kwa mtu aliyekaa miaka mitatu.

Tuipitie hesabu yao mstari kwa mstari, maana humo ndimo pesa zako zilimo.

Rangi, 12,000. Ukuta unaokaliwa na watu kwa miaka mitatu unafifia, unapata alama ya kiti na ya swichi inayoguswa kila jioni. Huo ni uchakavu. Ingekuwa mtoto amechora na kalamu ya wino sebule nzima, au umepaka rangi nyekundu bila ruhusa, au umetoboa ukuta kwa drili ukaacha mashimo ya kuingiza kidole, ningekuambia ulipe. Matundu machache ya misumari ya kalenda na pazia hayafiki huko, na hata yangefika, yangekuwa gharama ya kuziba matundu, si ya kupaka nyumba nzima. Halafu kuna picha uliyonitumia, ile ya siku uliyohamia, umekaa juu ya magodoro yaliyofungwa kamba. Wewe unaiona kama kumbukumbu. Mimi naangalia nyuma yako: ukuta una mkanda wa weusi usawa wa bega, na juu ya swichi rangi imebanduka hadi simiti inaonekana. Maana yake hukukuta nyumba iliyopakwa upya. Unadaiwaje urudishe usichokikuta? Picha hiyo itafute kwenye simu uliyoipigia, si ile nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu ya asili inabeba tarehe yake ndani.

Sinki, 3,500. Rudi kwenye mazungumzo yako na keateka, utafute neno "sinki" na neno "maji". Kila ujumbe uliomwambia bomba la chini linavuja ni ushahidi kwamba kasoro iliripotiwa na haikurekebishwa. Bomba lililochakaa ndani ya kabati si kosa la anayeosha vyombo. Hapa wao wana shida kuliko wewe: mpangaji aliyenyamaza kwa mwaka mzima huku ubao wa kabati ukioza anaweza kulaumiwa kwa kuacha tatizo likue. Wewe hukunyamaza.

Usafi, 2,500. Inategemea uliiachaje nyumba. Kama ulifagia, ukapiga deki, ukatoa takataka, hawana dai. Kama ulihama usiku na kuacha jiko lina mafuta ya mwaka mzima, wape kitu. Ukiwa na picha au mtu aliyekusaidia kuhama, vizuri. Huna, sema ukweli kwa maneno yako na uwaache wao waonyeshe picha ya uchafu. Wakati mwingi hawana.

Kitasa, 1,500. Kwa kawaida kubadilisha kitasa mpangaji mpya anapoingia ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini umekiri funguo moja ilipotea, na nakushauri hilo ulikubali. Mdai anayekubali kidogo anachodaiwa kwa haki huaminiwa kwenye hayo mengine. Nimeona watu wenye kesi safi wakibanwa kwa sababu ya kubishania kitu cha mia nane ambacho kila mtu aliye chumbani anajua ni chao.

Maji, 1,150. Omba namba za mita, ya mwezi uliopita na ya siku uliyotoka. Zikilingana na bili, ni zako. Kwa sasa tuzihesabu kama zako.

Hivyo basi: 21,000 ulizolipa, toa kitasa 1,500, toa maji 1,150, zinabaki 18,350. Toa 350 ulizokwisha pokea. Unadai 18,000. Hizo 350 hazina ubaya kuzipokea, ila mjibu ajenti kwa ujumbe mfupi: "Nimepokea 350 kama sehemu ya depoziti yangu, si malipo ya mwisho." Wakikuletea karatasi ya kusaini kwamba mmemalizana ndipo wakupe elfu mbili tatu, isome mara mbili. Ukisaini kwamba umelipwa yote, umejifungia mlango mwenyewe.

Hadithi ya ajenti wa zamani naisikia karibu kila mwezi, na huwatisha watu bure. Ajenti ni mkono wa mwenye nyumba. Ulipomlipa ajenti wa kwanza, kwa sheria ulimlipa landilodi. Kama landilodi alibadilisha ajenti na hakuhakikisha depoziti za wapangaji zinakabidhiwa, huo ni ugomvi wao wawili. Wewe hukumwajiri yeyote kati yao. Kwa hivyo dai lako lielekezwe kwa mwenye nyumba kwanza, na ajenti wa sasa awe wa pili kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa hesabu. Jina la landilodi huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, hata kama aliyesaini ni ajenti. Lisipokuwepo, angalia risiti za mwanzo. Majirani wa zamani nao huwa wanajua mengi kuliko tunavyofikiri.

Uthibitisho kwamba ulilipa: kama ulilipa kwa M-Pesa, taarifa ya akaunti unaweza kuiomba kwa *334# au kwenye programu ya Safaricom, ikaja kwenye barua pepe. Ya miaka mitatu nyuma isipopatikana kwa simu, nenda duka la Safaricom na kitambulisho. Kama ulilipa benki, tafuta ile karatasi ya benki au uombe taarifa. Karatasi hii moja ina uzito kuliko maelezo yako yote.

Sasa barua. Usiandike ukiwa na hasira, na usiandike ukurasa tatu. Inatosha hivi:

"Mimi, mpangaji wa zamani wa nyumba namba fulani, nililipa depoziti ya Sh18,000 na Sh3,000 za maji na stima tarehe fulani. Nilitoa notisi tarehe fulani na kukabidhi funguo tarehe fulani. Nakubali makato ya Sh1,500 ya kitasa na Sh1,150 ya maji. Makato mengine nayakataa: rangi ni uchakavu wa kawaida na nyumba haikuwa imepakwa upya nilipoingia, kuvuja kwa sinki niliripoti tarehe zifuatazo, nyumba niliiacha safi. Nadai Sh18,000 ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nisipolipwa nitawasilisha dai katika Mahakama ya Madai Madogo pamoja na gharama, bila kuwajulisha tena."

Ambatisha picha, taarifa ya malipo na ujumbe wa keateka. Itume kwa barua pepe na WhatsApp, kisha umwombe mtu aliye Nairobi apeleke nakala mbili ofisini mwa ajenti, moja ipigwe muhuri wa kupokewa na irudi kwako. Wakikataa kupiga muhuri, aandike nyuma yake jina la aliyemkuta, saa na tarehe. Madai mengi ya kiasi hiki huishia hapa, kwa sababu ajenti aliyezoea wapangaji wa kupiga simu na kulalamika hajazoea kupokea karatasi yenye hesabu.

Wasipolipa, utaambiwa uende sehemu nyingi. Polisi watakuambia ni kesi ya madai, na watakuwa wamesema kweli. Chifu anaweza kuwaita mkazungumza, na kwenye ploti ambayo landilodi anaishi hapo hapo hilo husaidia sana, lakini hana mamlaka ya kumwamuru alipe. Jopo la Kudhibiti Kodi lipo, ila sheria yake, Sura ya 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliachwa nyuma zamani na Nairobi ya leo, na wewe wa 18,000 hauhusiki. Jopo la majengo ya biashara ni la wenye maduka na hoteli.

Mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ikaanza kazi Milimani Aprili 2021, kisha ikaenea miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na miongoni mwa mambo inayoruhusiwa kuyasikiliza ni pesa za mtu zilizopokewa na kushikiliwa na mwingine, jambo ambalo ndilo hasa depoziti. Haisikilizi migogoro ya nani mwenye ardhi au nani akae ndani ya nyumba. Kwa hivyo kwenye fomu usieleze ugomvi wa upangaji kwa kirefu. Wewe umeshahama, hutaki nyumba. Unadai pesa. Nimeona watu wakianza na historia ya maji kukatwa mwaka wa kwanza na matusi ya keateka, na upande wa pili ukapata nafasi ya kusema hii si kesi ya mahakama hii.

Sheria inataka dai lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Huhitaji wakili, ingawa nasema hivyo nikijua najinyima kazi, lakini kwa 18,000 ada yangu ingekula dai. Fomu zinawasilishwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama, na usipoweza, nenda masijala uombe msaada. Dai lifunguliwe Nairobi, nyumba iliko na washtakiwa waliko. Vikao vingi siku hizi huwa kwa video, kwa hivyo kuwa kwako Nakuru kusikukatishe tamaa. Soma notisi ya kikao vizuri na uingie mapema, mahali penye mtandao na pasipo na kelele.

Siku ya kusikilizwa, mwamuzi habanwi na kanuni kali za ushahidi kama korti nyingine. Atakusikiliza kwa Kiswahili. Ataanza na tarehe: uliingia lini, ulilipa nini, ulitoka lini. Kisha atamgeukia ajenti: hizi 12,000 alilipwa nani? Risiti ya duka la rangi iko wapi? Fundi ni nani? Hapo ndipo hesabu nyingi za kuandikwa kwenye simu hupukutika. Wakileta risiti, itazame tarehe na jina la nyumba. Risiti ya ndoo nne za rangi kwa nyumba ya chumba kimoja inaweza kuwa ya jengo zima. Usimkatize, subiri zamu yako, useme hilo tu na unyamaze.

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria tu, si kurudia kubishania kama ukuta ulikuwa mchafu. Ukishinda na wakaendelea kukaidi, unaomba utekelezaji wa hukumu, na madalali wa korti wanaweza kukamata mali ya mdaiwa. Landilodi mwenye ploti inayoingiza kodi kila tarehe tano si mtu wa kusema hana kitu. Ajenti mwenye ofisi ya kukodi na kompyuta moja ni habari nyingine, ndiyo maana nimesisitiza jina la mwenye nyumba liwe la kwanza.

Kuhusu muda, madai ya mkataba yana miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Hujachelewa. Lakini keateka huhama, simu hupotea, na ajenti huyu naye atabadilishwa. Andika barua wiki hii.

Jambo moja la kukuonya: usiweke picha na namba ya landilodi mtandaoni ukimwita mwizi. Nakuelewa. Ila utakuwa umempa dai lake dhidi yako, tena ambalo linaweza kuzidi 18,000.

Na wale wenzako waliokuambia ukalie depoziti? Wanafanya wengi, na wengi wanaponea. Mimi simshauri mtu afanye hivyo kimyakimya. Kodi isiyolipwa ni deni halisi, na Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali aliyeidhinishwa ashike vitu vyako kufidia deni hilo. Fikiria friji yako ikibebwa wiki moja kabla ya kuhama, kwa deni ambalo kweli unalo. Aidha, makubaliano ya depoziti huwa yanasema si kodi ya mwezi wa mwisho. Njia salama ni kumwandikia mapema: "Naomba depoziti yangu ihesabiwe kama kodi ya mwezi wa mwisho, na nitalipa maji kando." Akijibu "sawa" kwa maandishi, kalia kwa amani. Akikataa, lipa, na umejua mapema ni mtu wa namna gani.

Umeuliza pia mwishoni, kwa haraka, kuhusu depoziti mpya ya Nakuru. Bado hujaingiza vitu vyote, kwa hivyo una bahati. Kesho mchana, mwanga ukiwepo, pita nyumba nzima na simu ukipiga video bila kukata, ukitaja kwa sauti tarehe na unachokiona: kioo cha dirisha la jikoni kina ufa, mlango wa choo haufungi, ukuta wa sebule una alama, mita ya maji inasoma kiasi gani, mita ya stima inasoma kiasi gani. Fungua kabati la chini ya sinki, fungua mifereji yote. Kisha uandike orodha hiyo kwenye karatasi moja, wewe na keateka msaini, umtumie ajenti picha ya karatasi siku hiyo hiyo. Na kabla ya kulipa, omba waongeze mistari miwili kwenye mkataba: nani atapaka rangi ukihama, na depoziti itarudishwa ndani ya siku ngapi. Wakiuliza kwa nini unataka kujua habari za kuhama kabla hujaingia, waambie wakili wako wa Nairobi ni msumbufu.